Baada ya Sare: Askari Polisi katika Uongozi wa Michezo ya Shule na Vyuo



Somo letu la toleo hili linahusu jambo ambalo askari wengi hulifikiria kimya kimya na wachache hulizungumza waziwazi: siku sare itakapokunjwa na kurudishwa ghalani, mtu aliyeivaa atafanya kazi gani? Wapo wanaorudi shambani. Wapo wanaofungua duka. Wapo wanaokwenda kulinda mabenki na maghala. Sisi leo tunaichunguza njia nyingine, ambayo katika Afrika Mashariki imewahi kupitiwa na watu wenye majina makubwa: njia ya kuongoza michezo katika shule, vyuo na vyama vya michezo.

Tumeichagua mada hii kwa sababu inagusa mitaa yetu. Jioni yoyote ile hapa Bwiza, na kwa jirani zetu wa Buyenzi, barabara hugeuka viwanja. Mpira hufumwa kwa mifuko na kamba, mawe mawili huwa goli, na vijana hucheza hadi giza liingie. Vijana hao wanamfahamu polisi kwa doria na kwa ukaguzi wa vitambulisho. Kijana ambaye hajawahi kukutana na polisi mahali pengine hana sababu kubwa ya kumpelekea habari, wala ya kumwamini anapoitwa. Askari mstaafu anayesimamia michezo ya shule hufungua mlango mwingine wa kufahamiana.

Hata hivyo, mzazi ana haki ya kuuliza: huyu aliyezoea amri na silaha, je, anafaa kukabidhiwa mwanangu? Swali hilo ni la haki, na somo hili linajaribu kulijibu bila kulikwepa. Linawahusu watu watatu: askari anayefikiria kazi ya pili, mkuu wa shule anayetafuta msimamizi wa michezo, na mzazi anayemtoa mtoto wake.

1. Kazi yenyewe ni ipi?

Watu wengi wakisikia "michezo ya shule" humfikiria kocha na filimbi yake. Kocha ni mmoja tu. Nyuma yake kuna kazi ambayo haionekani na ambayo ikikosekana hakuna mchezo. Lazima mtu aandae ratiba, atafute uwanja, aandikishe wachezaji, ahakiki umri na uanafunzi wao, apange usafiri, ahakikishe kuna maji na sanduku la huduma ya kwanza, azungumze na wazazi, atunze fedha, na ajibu panapotokea ajali au lalamiko. Huo ndio uongozi wa michezo.

Nchini Marekani kazi hii imekuwa taaluma kamili. Kila chuo kikubwa kina mkurugenzi wa michezo, na chini yake wapo wasimamizi wa kanuni, wa afya, wa fedha na wa usalama wa viwanja. Chama kinachoongoza michezo ya vyuo vyao, NCAA, kilianza mwaka 1906. Sababu ya kuanzishwa kwake inatufundisha jambo: mpira wa miguu wa Kimarekani ulikuwa ukiua na kujeruhi wanafunzi, hata Rais Theodore Roosevelt akawaita viongozi wa vyuo mwaka 1905 ili mchezo huo urekebishwe. Kwa hiyo uongozi wa michezo ya vyuo huko ulizaliwa kutokana na haja ya usalama wa vijana, kabla ya vikombe na fedha kuwa jambo kubwa. Hapo ndipo kazi hii inapokaribiana na kazi ya polisi.

Sisi Warundi tunao mfano wetu wa thamani ya uongozi. Mkimbiaji Dieudonné Kwizera hakuweza kushiriki Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1988 wala ya 1992. Miguu yake ilikuwa tayari; kilichokosekana ni kamati ya Olimpiki ya taifa iliyotambuliwa, na bila kamati hakuna nchi inayoandikishwa. Burundi ilishiriki kwa mara ya kwanza huko Atlanta mwaka 1996. Katika michezo hiyo Vénuste Niyongabo alimwachia Kwizera nafasi ya mita 1500, ambazo yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotarajiwa kushinda, akaingia mita 5000 alizokuwa amezikimbia mara chache tu. Alizishinda, akaleta nyumbani medali ya dhahabu ya kwanza ya taifa letu. Tunaposherehekea medali ile tukumbuke pia miaka minane ambayo mwanariadha mwenye uwezo alikaa nje kwa sababu ya makaratasi.

2. Mfano wa kwanza: Kipchoge Keino

Katika ukanda wetu hakuna mfano unaojulikana zaidi kuliko wa Kipchoge Keino wa Kenya. Alizaliwa Januari 1940 katika nchi ya Wanandi, akawapoteza wazazi wake angali mtoto, akalelewa na jamaa zake. Alipokuwa kijana alijiunga na polisi, akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha polisi cha Kiganjo, karibu na Nyeri. Akiwa polisi alivunja rekodi mbili za dunia mwaka 1965, ya mita 3000 na ya mita 5000. Mwaka 1968 huko Mexico alipata dhahabu katika mita 1500 na fedha katika mita 5000. Mwaka 1972 huko Munich alipata dhahabu katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, na fedha katika mita 1500.

Mbio hizo zinafahamika. Linalotuhusu zaidi ni alichofanya baada ya hapo. Aliacha mashindano ya ridhaa mwaka 1973, akawa kocha wa timu ya taifa. Yeye na mke wake, Phyllis, walikuwa wakiwalea watoto yatima nyumbani kwao karibu na Eldoret. Malezi hayo yalikua yakawa taasisi: shule ya msingi ilifunguliwa mwaka 1999, na shule ya sekondari mwaka 2009. Huko Eldoret kilianzishwa pia kituo cha mazoezi chenye jina lake, ambapo wanariadha chipukizi walifundishwa. Mwaka 1999 alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa Kamati ya Taifa ya Olimpiki ya Kenya, nafasi aliyoishika hadi 2017, na kuanzia mwaka 2000 hadi 2010 alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Agosti 2016, katika ufunguzi wa michezo ya Rio de Janeiro, alikuwa mtu wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya Shada la Olimpiki, inayotolewa kwa anayetumia michezo kuendeleza elimu, utamaduni, maendeleo na amani.

Tuangalie mpangilio wa maisha hayo. Keino hakungoja kustaafu ndipo atafute la kufanya. Kazi yake ya kwanza ndani ya polisi ilikuwa kufundisha mwili na nidhamu. Kazi yake ya pili ilikuwa kufundisha watoto. Daraja kati ya kazi hizo mbili lilijengwa akiwa bado amevaa sare. Askari anayetusoma na ajiulize: ni jambo gani ninalolifanya kazini leo ambalo shule ingelihitaji kesho?

3. Mfano wa pili: John Akii-Bua

Mfano wa pili unafundisha kwa upande mwingine. John Akii-Bua wa Uganda alikuwa askari polisi. Aliyemtambua na kumfundisha mwanzoni, Jorem Ochana, naye alikuwa ofisa wa polisi na mrukaji viunzi. Baadaye alifundishwa na Mwingereza Malcolm Arnold. Tarehe 2 Septemba 1972, huko Munich, akikimbia katika njia ya kwanza ambayo wakimbiaji hawaipendi kwa ukali wa kona yake, alishinda mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Ilikuwa rekodi ya dunia, na mara ya kwanza kwa mwanadamu kushuka chini ya sekunde 48.

Miaka iliyofuata haikuwa yake kuipanga. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo ya Montreal, na nafasi ya kutetea medali yake ikapotea. Mwaka 1979, vita vilipouangusha utawala wa Idi Amin, alikimbilia Kenya pamoja na familia yake, akaishi katika kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kufika Ujerumani, ambako alifanya kazi kwa miaka kadhaa. Alirudi Uganda mwaka 1983, akajiunga tena na polisi, akawa kocha. Alifariki Juni 1997 akiwa na umri wa miaka 47.

Sifa haikumkinga Akii-Bua na misukosuko ya nchi yake. Tunaona, hata hivyo, kwamba aliporudi nyumbani alikuwa na ujuzi wa kuwapa vijana, na chombo cha polisi kilimpokea aufundishe. Medali hukaa kabatini na huweza kupotea. Ujuzi wa kufundisha na kuongoza husafiri na mtu hata kambini. Ndiyo maana tunawahimiza askari wanamichezo wasome, wachukue mafunzo ya ukocha, ya uamuzi na ya uongozi wakati miguu yao ingali na nguvu. Afrika Mashariki bado ina wakimbiaji wakubwa waliovaa sare: Faith Kipyegon na Julius Yego ni wa polisi ya Kenya, na Joshua Cheptegei ni wa polisi ya Uganda. Siku moja wote watahitaji kazi ya pili.

Jirani zetu wa Tanzania nao wana wa kwao, ingawa yeye alikuwa mwanajeshi. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, alianzisha shule pamoja na mke wake, Anna, na alitumikia kwa miaka mingi kama katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki ya Tanzania. Kama Keino, aliunganisha mambo mawili: darasa na uwanja.

4. Yale askari anayokuja nayo

Tukiichambua mifano hii, na tukiilinganisha na kazi tuliyoieleza hapo juu, tunaona mambo matatu ambayo polisi huleta shuleni akiwa tayari ameyazoea.

La kwanza ni daftari. Askari amefundishwa kuandika: nani alifika, saa ngapi, alisema nini, kulikuwa na nini. Katika michezo ya shule ugomvi mwingi hutokana na kukosekana kwa maandishi. Timu moja inadai mchezaji wa wapinzani si mwanafunzi. Nyingine inadai ana umri mkubwa kuliko aliotajiwa. Msimamizi mwenye orodha iliyohakikiwa kabla ya mechi, yenye nakala za vyeti vya kuzaliwa na barua za shule, huumaliza ugomvi huo kwa dakika tano. Asiyenayo huumaliza kwa ngumi, au hushindwa kuumaliza kabisa.

La pili ni kuiona hatari kabla haijafika. Askari akiingia uwanjani hutazama milango, ukuta uliopasuka, gari lililoegeshwa mahali pa kutokea, watu wanaolewa pembeni. Jicho hilo ni la thamani kwa shule inayokusanya watoto mia tatu siku ya fainali. Msimamizi wa namna hii atauliza mapema: mlango wa pili unafunguka? Nani ana ufunguo? Mtoto akivunjika mguu, atapelekwa hospitali gani, kwa gari gani, na nani atampigia simu mzazi?

La tatu ni kupokea lalamiko. Hili ndilo zito kuliko yote, na mfano wake tunautoa Marekani. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, daktari wa michezo aliwadhalilisha wasichana kwa miaka mingi. Baadhi yao walisema, lakini waliowaambia hawakuyafikisha panapostahili. Mwaka 2016 mlalamikaji mmoja alikwenda kwa polisi wa chuo hicho, akasikilizwa, maelezo yake yakaandikwa na upelelezi ukafanyika. Januari 2018 daktari huyo alihukumiwa kifungo cha kati ya miaka 40 na 175, baada ya wanawake zaidi ya 150 kutoa maelezo yao mahakamani au kusomewa. Chuo kilikubali kulipa dola milioni 500. Wasichana wale walikuwa na makocha, madaktari na wakurugenzi. Walichokosa kwa muda mrefu ni mtu wa kuketi, kusikiliza na kuandika. Askari aliyewahi kukaa kwenye dawati la malalamiko anajua kwamba mtoto hasemi jambo zito kwa mara ya kwanza akiwa amesimama mbele ya umati. Hujaribu neno moja, kisha hungoja kuona atapokewaje.

5. Yale anayopaswa kuyaacha langoni

Sasa tulijibu swali la mzazi. Yapo mambo ambayo yana mahali pake katika kazi ya polisi, na yakipelekwa shuleni huharibu.

Kwanza ni amri isiyoulizwa. Kambini, agizo hutekelezwa kwanza na maswali hufuata. Mwanafunzi yuko pale kujifunza, na kujifunza ni kuuliza. Mchezaji anayesema "nimeumia, siwezi kuendelea" hapaswi kuonekana mkaidi. Msimamizi anayemlazimisha kwa sauti ya gwaride anaweza kumvunja kwa maisha yake yote. Adhabu za kambini nazo, kama kukimbizwa mpaka mtu aanguke au kupigishwa magoti kwenye mchanga wa moto, hazina nafasi katika shule.

Pili ni nguvu. Tarehe 9 Mei 2001, katika uwanja wa michezo wa Accra, Ghana, mashabiki waliokasirika walirusha viti, na polisi wakajibu kwa gesi ya machozi. Umati ulikimbilia milango, na watu zaidi ya 120 walikufa kwa kukanyagana na kukosa hewa. Tume ya uchunguzi iliona kwamba polisi walichukua hatua kupita kiasi. Tarehe 1 Oktoba 2022, huko Malang, Indonesia, msiba wa namna hiyo hiyo uliua watu 135. Kanuni za usalama viwanjani za FIFA zinakataza silaha za moto na gesi ya kutawanya umati kubebwa au kutumiwa na wasimamizi wa usalama. Tunayaandika haya katika jarida la polisi kwa makusudi. Askari anayetaka kuongoza michezo, na hata yule anayelinda mechi akiwa bado kazini, anapaswa kujua kwamba katika uwanja uliojaa, mlango ulio wazi huokoa watu wengi kuliko silaha yoyote.

Tatu ni usiri. Upelelezi huhitaji kufunga mdomo. Uongozi wa michezo huhitaji kinyume chake: ratiba ibandikwe ukutani, vigezo vya kuchagua wachezaji vijulikane, hesabu zisomwe mbele ya wazazi. Siri pekee inayobaki ni ile ya mtoto aliyekuja kulalamika, na ya afya yake.

6. Mtihani wa fedha

Hapa ndipo majina mengi mazuri huchafuka, kwa hiyo tunalitenga jambo hili peke yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya Michezo ya Rio ya mwaka 2016, wanariadha wa Kenya walilalamika juu ya vifaa, tiketi na maandalizi. Uchunguzi ulifuata. Oktoba 2018 viongozi kadhaa walishtakiwa, na Kipchoge Keino alikuwa mmoja wao. Februari 2019 Mkurugenzi wa Mashtaka aliondoa mashtaka dhidi yake, naye akawa shahidi wa upande wa mashtaka. Septemba 2021 mahakama jijini Nairobi iliwatia hatiani aliyekuwa waziri wa michezo na aliyekuwa mkuu wa msafara wa timu.

Hatuitaji habari hii ili kupunguza heshima ya mzee aliyelea yatima kwa miaka mingi na ambaye mashtaka dhidi yake yaliondolewa. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha kwamba anayekaa katika kiti cha uongozi wa michezo, hata awe na historia ya kung'aa namna gani, huulizwa juu ya kila senti iliyopita chini ya kiti hicho. Medali haijibu maswali ya mkaguzi. Anayejibu ni stakabadhi.

Katika shule ya mtaa kiasi ni kidogo, lakini kanuni ni ile ile. Tuchukue mfano. Wazazi 60 wanachanga faranga 2.000 kila mmoja kwa safari ya mashindano. Jumla ni faranga 120.000. Fedha hizo zisikae mfukoni mwa mtu mmoja. Apokee mmoja, aandike wa pili, aidhinishe matumizi wa tatu. Kila aliyetoa apewe karatasi yenye saini. Baada ya safari, hesabu ibandikwe shuleni ndani ya wiki moja: nauli kiasi gani, chakula kiasi gani, kilichobaki kiko wapi. Askari mstaafu anapokubali kusimamia michezo bila utaratibu huu, anajiweka mwenyewe katika hatari, hata kama mikono yake ni safi.

7. Hatua za kuanzia hapa kwetu

Kwa askari aliye bado kazini, tunapendekeza aanze na jambo dogo, kwa ruhusa ya wakuu wake. Polisi ya ujirani inatuhimiza kukutana na wananchi bila kungoja uhalifu, na uwanja ni mahali pa kukutana. Aombe kusaidia uandikishaji wa wachezaji katika mashindano ya mtaa, au usalama wa mlango siku ya fainali. Ajifunze uamuzi au huduma ya kwanza. Akiwa na shahada ya kutosha kuingia chuo, Chuo Kikuu cha Burundi kina Taasisi ya Elimu ya Viungo na Michezo, na elimu hiyo ndiyo itakayomtenganisha msimamizi na mtu anayependa mpira tu.

Kwa mkuu wa shule, tunashauri asimpokee mtu kwa sababu ya cheo alichokuwa nacho. Aombe barua ya utumishi, aulize alikotoka, ampe kipindi cha majaribio, na amwandikie majukumu yake. Mambo matatu yawekwe bayana tangu siku ya kwanza: hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto katika chumba kilichofungwa, wasichana wanakuwa na mwanamke mtu mzima wa kumwendea, na silaha haiingii katika eneo la shule kwa ajili ya michezo.

Kwa mzazi, tunasema: kuuliza si kumvunjia mtu heshima. Uliza nani anasafiri na watoto. Uliza watarudi saa ngapi. Msimamizi anayestahili kazi hiyo atakujibu bila kukasirika, na atakushukuru. Kama kuna jambo linalokusumbua, lifikishe kwa mkuu wa shule, kwa kamati ya pamoja ya usalama ya mtaa wako, au kwa kituo cha polisi. Ikiwa anayelalamikiwa aliwahi kuwa mwenzetu, lalamiko lapaswa kuandikwa kama mengine yote. Sare aliyowahi kuivaa haimpunguzii mtu wajibu, inamwongezea.

Tunajua kwamba si kila nyumba katika mitaa yetu inaitazama sare kwa moyo mmoja. Imani haiji kwa kuamriwa. Huja pale kijana anapomwona mtu yule yule, Jumamosi baada ya Jumamosi, akifika kabla ya muda, akisoma majina kwa utaratibu, akiwatendea sawa mtoto wa tajiri na mtoto wa muuza ndagala, na akirudisha chenji iliyobaki. Hayo hayahitaji dhahabu ya Olimpiki. Askari yeyote wa kawaida aliyeitumikia kazi yake kwa uaminifu anayaweza.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Taja kazi tano za uongozi wa michezo ambazo si za kocha. Katika shule iliyo karibu nawe, kila moja inafanywa na nani?

2. Linganisha maisha ya Keino na ya Akii-Bua baada ya Munich mwaka 1972. Ni mambo gani yalikuwa mikononi mwao, na yapi hayakuwa?

3. Kwa nini amri isiyoulizwa inafaa kambini na haifai uwanjani kwa mwanafunzi? Toa mfano mmoja.

4. Mechi ya fainali inachezwa katika uwanja wenye milango miwili, mmoja umefungwa kwa kufuli. Mashabiki wanaanza kurusha mawe. Msimamizi afanye nini kwanza, na nini alipaswa kufanya asubuhi?

5. Andaeni pamoja karatasi ya hesabu ya safari moja ya timu, kisha muisome kana kwamba ninyi ni wazazi mliochanga. Kuna swali gani ambalo karatasi hiyo haijalijibu?

Vikundi vya vijana, kamati za wazazi na vituo vya polisi mnaweza kulitumia somo hili katika mikutano yenu. Mkikutana, mpeni nafasi ya kwanza ya kuzungumza yule aliye mdogo kuliko wote.